Niliandika Divai

Tunduma,
12 Februari 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua hii anakuletea Danieli, yule dereva wa Kosta ya Mlowo anayeimba njia nzima. Simu nimekata tamaa nayo. Mara ya mwisho nilipaza sauti hadi wapangaji wenzangu wakatoka nje kuangalia kama napigwa, na wewe upande wa pili unauliza, "Eeh? Nani kafa?" Meseji nazo situmi tena. Mdogo wangu Lwitiko anazisoma uani kwa sauti kama matangazo ya kanisani, mpaka kuku wanajua mambo yangu. Kwa hiyo tuandikiane.

Mama, nimepata kazi! Ada ya chuo cha hoteli mliyonichangia wewe na kanisa haikupotea. Niko kwa dada mmoja Mnyakyusa, anaitwa Gwantwa. Kwao Kyela wanalima kakao, na yeye badala ya kuiuza kwa magunia kama wenzake, anaikaanga na kuisaga mwenyewe hapa Tunduma, anatengeneza chokoleti. Duka liko juu kidogo ya barabara kuu, vumbi la malori linafika hadi mlangoni, lakini ndani ni safi na meza zina vitambaa vyeupe.

Mimi kazi yangu ni divai. Kila Jumamosi jioni watu wanakuja, wa hapa na wa ng'ambo Zambia, wanakaa kwa utaratibu, nami nawamiminia divai kwenye vikombe vidogo vya kioo. Kila mmoja anapata na kipande kidogo. Nawaelekeza watulie kwanza, wasitafune kwa pupa, wakiache kiyeyuke ulimini ndipo wanywe. Nao wananisikiliza. Watu wazima, mama, wenye magari yao, wananyamaza mimi nikisema!

Nimeweka na kitenge. Rangi hiyo ndiyo ya mwaka huu, usinirudishie.

Mwanao,
Rozi


Igamba,
18 Februari 2025

Mwanangu Rozi,

Bwana asifiwe sana! Marahaba. Barua yako nimeisomea kwenye migomba ili Lwitiko asinichungulie. Kitenge kinapiga kelele kidogo, lakini nimekipokea.

Huyo Gwantwa na pipi zake sikumwelewa vizuri, watu wa Kyela tangu zamani wana mambo yao. Ila divai nimeelewa. Mwanangu anaandaa divai! Anagawa kikombe na kipande, na watu wanatulia! Nililia pale pale kwenye migomba, machozi ya furaha, mbuzi ananitazama.

Sikuweza kukaa nayo. Jumapili wakati wa ushuhuda nilisimama. Nikasema, yule mtoto mliyemchangia, mkauza mahindi yenu kwa ajili yake, leo Bwana amempa kazi ya kuandaa divai huko Tunduma, na hata Wazambia wanavuka mpaka kuja kuipokea mkononi mwake. Ungesikia vigelegele! Mchungaji Enoka aliniuliza ni duka la kanisa gani. Nikamwambia jina silijui, ila vitambaa ni vyeupe. Mama Aida, unamjua alivyo, alipiga makofi kwa vidole viwili.

Na kuna jingine. Wazee wa kanisa wameniteua mimi kutandika Meza ya Bwana siku ya Pasaka. Mimi, Ketrina! Tangu baba yako afariki walikuwa wananipa kufagia tu. Nitaosha vikombe, nitapiga pasi kitambaa, nitamimina. Mchungaji anauliza kama mnaweza kutuletea chupa mbili tatu, maana iliyoko kabatini ina ladha ya dawa ya kikohozi. Si mimi ninayesema, ni mama Aida.

Maharage yamekubali mwaka huu. Kula vizuri, usije ukamwaga divai ya watu kwa njaa.

Ni mimi mama yako,
Ketrina


Tunduma,
25 Februari 2025

Mama,

Shikamoo. Hongera kwa jukumu la Pasaka, nimefurahi kweli. Unastahili.

Lakini mama, ungeniuliza kwanza kabla ya kusimama. Si kwamba kuna ubaya. Kazi hii ina mambo yake, nitakueleza nikija, kwenye karatasi hayaenei. Kuhusu hizo chupa, mwambie mchungaji asubiri kidogo, za huku ni za wateja wa hapa hapa. Na tafadhali usiwaongezee watu maneno. Wakikuuliza, sema tu Rozi anafanya kazi, yu salama.

Huku mvua ni kila siku, malori yamekwama foleni mpaka nje ya mji. Nimemaliza nafasi ya kuandika.

Rozi


Igamba,
16 Machi 2025

Mwanangu Rozi,

Bwana asifiwe. Unyenyekevu wako nimeusoma na nimempa Mungu sifa. Mtoto wa mwingine angejitangaza, wewe unasema "usiwaongezee maneno". Nilipowasomea akina mama sehemu hiyo, wakasema huyu amelelewa.

Basi tumeamua. Jumamosi ya wiki hii tunayoianza tunakuja, akina mama sita wa kanisa, kuiona divai inavyoandaliwa ili nami nijifunze kabla ya Pasaka. Tutavaa sare. Tutafika jioni, muda ule ule uliosema watu wanakaa. Usihangaike na chakula, tunakuja na maharage, mahindi mabichi na jogoo. Mama Aida anakuja pia. Ametafuta nafasi mwenyewe, nadhani anataka kuona kwa macho yake kama vitambaa ni vyeupe kweli.

Sijalala vizuri kwa furaha. Mara ya mwisho kufika Tunduma wewe ulikuwa mgongoni.

Mama yako,
Ketrina


Tunduma,
24 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Natumaini mlifika salama, na kwamba mvua haikuwakuta Mlowo. Mama Aida alisahau beseni lake, lile la bluu. Nimempa Danieli alirudishe. Mwambie nimelisafisha.

Maharage nimeyapika, ni matamu sana. Jogoo bado yu hai, Gwantwa amemwonea huruma.

Siku ile palikuwa na watu wengi, sikupata nafasi ya kukaa nanyi kama nilivyotaka. Mliondoka haraka. Nilipotoka nje kuwatafuta mlikuwa mmeshapanda gari.

Nijibu kama beseni limefika.

Rozi


Tunduma,
2 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Danieli amerudi mikono mitupu mara ya pili. Ameniambia alikukuta sokoni Mlowo, ukamsalimia vizuri, ukauliza hali ya mke wake na watoto wake, na mimi hukuniulizia. Basi naandika tena, na safari hii sitaongelea beseni.

Naona aibu, mama. Hata kuliandika neno lenyewe naona aibu, maana nakuwa kama mtu anayeomba ahurumiwe.

Kwanza kazi yangu. Mimi nauza pombe. Si zile za kienyeji, komoni wala kimpumu, ni mvinyo, mwingine wa Dodoma, mwingine unapita hapa mpakani kutoka Afrika Kusini. Watu wanakuja kujifunza mvinyo upi unaendana na chokoleti ipi. Ile nyeusi, chungu, inataka mvinyo mwekundu, mzito, wenye sukari. Ukiipa mkavu, usio na sukari, vinagombana mdomoni kama wake wenza. Ya maziwa inapenda kitu laini chenye utamu wa matunda. Nyeupe haina kakao ya kutosha kuleta ubishi, kwa hiyo naipa mvinyo wa povu uikate mafuta. Na kuna moja tunayotia kahawa ya Mbozi, hiyo bado inanisumbua. Kanuni ni kwamba mvinyo usizidiwe utamu na chokoleti, ukizidiwa unageuka kama siki. Hiyo ndiyo kazi yangu. Ni halali, naiweza, na naipenda. Ningekuambia hivyo tangu mwanzo, ungegomba siku mbili ukanyamaza.

Wewe hukusoma vibaya, mama. Barua ile ya kwanza niliianza na neno "mvinyo". Nikaliangalia. Nikakuona unavyolisoma, nikaona wale waliouza mahindi yao ili nisome. Nikachana karatasi, nikachukua nyingine, nikaandika "divai". Nilijua Igamba divai ni moja tu, ile ya kabatini. Nikajisemea, si uongo, divai ni mvinyo na mvinyo ni divai. Nikaongeza vikombe vidogo, nikaongeza kipande, nikaongeza vitambaa vyeupe. Kila neno la kweli, na vyote pamoja ni uongo mtupu.

Barua yako ya safari ilinifikia Alhamisi. Ningempigia Lwitiko, dakika moja tu, akuambie msije. Nilikaa na simu mapajani. Nikajidanganya kwamba mvua itawazuia.

Mlipoingia na sare zenu, Gwantwa alifurahi. Alikuwa hajui lolote, alidhani ni kikundi cha akina mama kimesikia habari za duka. Akawakalisha mbele kabisa, akawapa kikombe na kipande kama anavyowapa wengine wote. Mimi nilikuwa nyuma ya kaunta, nazungusha kizibuo kwenye chupa ambayo nilikwisha kuifungua. Nikakuona unasimama. Wenzako nao wakasimama. Ukainamisha kichwa na kuanza kushukuru, kwa mwili na kwa damu, kwa ile sauti yako kubwa ya mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe. Halafu wakala mmoja wa forodha kwenye meza ya nyuma akasema, "Amina! Dada, huku ongeza chupa ya damu!" Watu wakaangua kicheko.

Na mimi nilicheka, mama. Wala sikuona raha yoyote. Walicheka wao, nikacheka. Uliinua kichwa ukanitazama meno yangu yakiwa bado nje.

Kisha mteja mmoja, mama wa Kizambia, akanivuta mkono. Yeye hakucheka. Akaniuliza, "Huyu bamayo ametoka wapi?" Bamayo kwa Kibemba ni mama. Mtu asiyekujua kabisa alikuita mama. Mimi nikamjibu, "Hao ni wakulima wa kahawa wa Mbozi."

Sijui kama ulisikia. Tangu siku ile naomba kwamba masikio yako yawe yalikuwa mabaya. Ona sasa mtoto wako anaomba nini.

Gwantwa nimemweleza yote. Akasema, "Ungeniambia ni mama yako ningeenda kumkalisha nyumbani kwangu." Afadhali angenigombeza.

Nataka kuja Pasaka. Nataka kukuomba radhi ana kwa ana, na wale akina mama pia, hata mama Aida. Lakini nyumba ni yako na kanisa ni lako. Niambie kama nikifika mlangoni nitafunguliwa. Usiponijibu safari hii, nitakuwa nimeelewa.

Rozi


Igamba,
11 Aprili 2025

Rozi,

Marahaba. Beseni lilifika.

Sikukujibu, na sikuwa nakukomoa. Nilikuwa naona aibu, tena si ile unayoidhania wewe. Subiri nifike huko, niende kwa mpango wangu.

Masikio yangu, la kushoto lilikufa zamani, la kulia linachagua siku. Siku ile lilichagua kufanya kazi. "Hao ni wakulima wa kahawa wa Mbozi." Nilisikia vizuri kabisa. Hukusema uongo, kahawa ninayo na mwaka huu imebeba. Ila nilirudi nimekaa dirishani, mama Aida ananisemea sikioni mpaka Vwawa, nami nawaza kwamba mtoto huyu nilimfunga mgongoni nikipalilia kahawa hiyo hiyo. Iliniuma, Rozi. Nakuambia ili usije ukajifariji kwamba mama mzee huyo, amesahau.

Kucheka, hilo nimekusamehe. Mwanamke mzima anasimama na sare yake anaombea chokoleti! Juzi nilikumbuka nikiwa kwenye kahawa peke yangu, nilicheka hadi nikakaa chini. Tena wale wenzangu wote waliitikia amina. Mama Aida ndiye aliyeitikia kwa nguvu kuliko wote, na hilo kwenye taarifa yake hakulitaja.

Maana taarifa alitoa. Alifika kwa mchungaji kabla hajafika kwake. Nikaitwa mbele ya wazee. Mchungaji Enoka ni mpole, alitaka kunivusha. Akasema, "Mama Ketrina, wewe sema tu mambo mawili, kwamba hukujua, na kwamba huyo binti na kazi yake huna sehemu naye. Tunafunga shauri, Pasaka unatandika meza kama tulivyopanga." Nikasema sikujua, na ni kweli sikujua. La pili likakataa kutoka. Nikajaribu tena, likakataa. Mwishowe nikawaambia, kazi yake siijui na mvinyo wake siujui, lakini binti ni wangu, mkiandika andikeni hivyo hivyo.

Basi meza ya Pasaka atatandika mama Aida. Nilikuwa naitaka sana meza ile, mwanangu. Kitambaa nilikuwa nimekwisha kukipiga pasi. Nilikaa jikoni nikalia, Lwitiko akadhani ni moshi. Neno lako moja limeniondolea kitu nilichokingoja miaka, na nataka ulijue hilo, si kwa kukusuta, ni kwa kuwa ndivyo ilivyo.

Sasa hiyo aibu yangu. Mlipoanza kucheka, kile kipande nilikuwa nimekishika bado. Sikujua nikiweke wapi. Ukishaombea kitu huwezi kukirudisha mezani, basi nikakitia mdomoni, nikanywa na kile kikombe juu yake. Mwanangu we! Kichungu kikalainika, utamu ukaja taratibu kutoka nyuma, kama vitu viwili vilivyokuwa vinatafutana. Nimesimama pale machozi yananilenga, watu wananicheka, binti yangu ananikana, na mimi moyoni nauliza kama kuna kingine! Tumefika Mlowo bado nalamba meno. Kila nilipokaa kukuandikia nikugombeze, ladha inanirudia mdomoni, kalamu inasimama. Wazee waliniuliza kama nilikunywa, nikasema nilikunywa kwa kutojua. Kama ilikuwa tamu hawakuuliza, nami sikujitolea. Mficha uchi hazai, basi wewe nimekuambia. Usimwambie mtu, na Lwitiko asiione barua hii.

Umeuliza kama utafunguliwa mlango. Swali gani hilo? Njoo Jumamosi ya mkesha wa Pasaka, lete nguo ya heshima, usije na suruali.

Jumapili tutaingia pamoja. Tutachelewa kidogo kwa makusudi, watu wawe wamekwisha kukaa. Watageuka, waache wageuke. Desturi ya kwetu unaijua, mtu akija na mgeni anasimama amtambulishe. Mchungaji atauliza, "Mama Ketrina, umekuja na nani?" Wewe utakaa kimya. Nitakushika mkono, nitasimama, niseme mbele yao wote, na mama Aida akiwa pale mezani, "Huyu ni Rozi, mwanangu wa kumzaa."

Ni maneno machache wala hayachomi mdomo. Sikiliza vizuri ninavyoyasema.

Mama yako,
Ketrina